Kitabu cha Maktaba Kwenye Mashine ya Kopi: Kesi ya Delhi kwa Jicho la Fiqhi

Agosti 2012 wachapishaji watatu wa vitabu vya kitaaluma, Oxford University Press, Cambridge University Press na Taylor & Francis, walifungua kesi katika Mahakama Kuu ya Delhi, India. Mdaiwa wa kwanza alikuwa mwenye duka dogo la kutoa kopi, Rameshwari Photocopy Service, lililokuwa ndani ya eneo la Delhi School of Economics kwa leseni ya chuo. Mdaiwa wa pili alikuwa Chuo Kikuu cha Delhi chenyewe. Wachapishaji walitaka duka lizuiwe, na walipwe fidia ya rupia milioni 6.

Kazi ya duka hilo kila mwanafunzi wa huku kwetu anaijua. Mhadhiri anaandika orodha ya kusoma: sura mbili za kitabu hiki, kurasa arobaini za kile, makala moja ya jarida. Vitabu vimo maktabani, nakala moja au mbili, na darasa limejaa. Maktaba inamtolea mwenye duka kitabu, naye anatoa kopi ya zile sura, anazipanga kwa mfuatano wa mtaala, anazibaindi, kisha anamuuzia mwanafunzi kabrasha zima kwa hesabu ya kurasa, chini ya rupia moja kwa ukurasa. Makabrasha manne ya namna hiyo ndiyo yaliyopelekwa mahakamani. Ukipita steshenari yoyote iliyoegemea ukuta wa chuo, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, utaikuta Rameshwari nyingine, tofauti ikiwa tu kwamba hiyo haijashtakiwa.

Nimeichagua kesi hii niipime kwa fiqhi, elimu ya sheria ya Kiislamu, kwa sababu swali lake, kama kutoa kopi ya kitabu cha mtu ni halali, huulizwa sana katika vikao vya wanafunzi Waislamu, na mara nyingi hujibiwa kwa mstari mmoja. Shekhe mmoja anasema kutoa kopi ni wizi, basi. Mwingine anasema elimu ni ya Mwenyezi Mungu, haina mwenyewe, basi. Majibu yote mawili yanamwacha mkutubi pale pale alipo: kitabu mkononi, mwanafunzi mbele yake, na mtihani wiki ijayo.

Mwendo wa kesi

Oktoba 2012 mahakama iliweka zuio la muda na duka likasitisha makabrasha. Wanafunzi wakaunda chama na kuomba kuingia kwenye kesi kama wadaiwa, wakakubaliwa. Walimu nao wakaunda chama chao. Amartya Sen, mwanauchumi mwenye Nobeli ambaye mwenyewe amechapishwa na Oxford, aliwaandikia wachapishaji wake akiwasihi wasifike huko. Mwaka 2013 wanataaluma zaidi ya 300 walitia saini barua ya kutaka kesi iondolewe, na miongoni mwao walikuwamo waandishi wa vitabu vile vile vilivyodaiwa kuibiwa. Hilo la mwisho liweke akilini, nitalirudia.

Tarehe 16 Septemba 2016 Jaji Rajiv Sahai Endlaw aliitupa kesi. Msingi wake ulikuwa kifungu cha 52(1)(i) cha Sheria ya Hakimiliki ya India ya 1957, kinachoruhusu mwalimu au mwanafunzi kunakili kazi katika mwendo wa mafundisho. Jaji alikumbuka enzi zake za kusomea sheria, wanafunzi walipokuwa wakikaa maktabani kwa zamu na kunakili kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa. Akasema lililokuwa halali kwa kalamu haliwi haramu kwa sababu limefanywa na mashine. Akaongeza jambo lililosambaa sana: kwamba hakimiliki katika maandishi si haki ya kimungu wala ya kimaumbile, ni haki iliyowekwa na sheria kwa lengo la kuchochea maarifa.

Wachapishaji walikata rufaa. Tarehe 9 Desemba 2016 jopo la majaji wawili lilikubaliana na sehemu kubwa ya hukumu, ila likarudisha suala moja lisikilizwe kwa ushahidi: je, yote yaliyonakiliwa yalihitajika kweli kwa mafundisho? Jopo lilikataa kuweka zuio jipya, lakini liliagiza duka litunze rekodi ya makabrasha linayotoa na kuwasilisha taarifa mahakamani kila baada ya miezi sita. Machi 2017 wachapishaji waliondoa kesi. Suala lililorudishwa halikusikilizwa kamwe.

Mali ni nini?

Jaji wa Delhi alipoandika kwamba hakimiliki si haki ya kimungu, huenda hakujua kwamba kiasi cha kilomita 150 kaskazini ya mahakama yake, katika mji wa Deoband, mashekhe walikuwa wameshalijadili jambo hilo hilo miaka mingi kabla yake, wengine wakifika alipofika yeye.

Mufti Muhammad Shafi, aliyekuwa mufti wa Deoband kabla ya kuhamia Pakistan, alikuwa na msimamo kwamba mwandishi hana haki ya kujihifadhia uchapaji. Hoja yake ni ya madhehebu ya Hanafi kindakindaki. Kwa Mahanafi wa asili, mali ni kitu kinachoshikika na kinachowekeka akiba. Haki tupu, isiyo na kiwiliwili, haiuziki. Aliyenunua kitabu amekimiliki, karatasi na kilichoandikwa juu yake, na muuzaji hawezi kuchukua bei kwa mkono mmoja na kumshika mnunuzi mkono kwa mwingine. Mwanawe, Muhammad Taqi Usmani, Mhanafi kama baba yake, hakukubaliana naye. Alisema ada ya watu imebadilika: haki hii sasa inauzwa, inanunuliwa na kusajiliwa serikalini, na ada ina uzito katika kuamua kipi kihesabiwe mali. Akatumia pia hadithi iliyo katika Abu Dawud, kwamba aliyetangulia kukifikia kitu ambacho hakuna Mwislamu aliyekitangulia, basi ni chake.

Sisi wa pwani tuliolelewa katika madhehebu ya Imamu Shafi tunaanzia mahali pengine, na ajabu ni kwamba watu wengi wanaolitolea fatwa jambo hili huku kwetu hawapagusi kabisa. Kwa Imamu Shafi, manufaa yenyewe ni mali. Mfano unaofundishwa ni wa nyumba: mtu akiipora nyumba ya mwenziwe akaifunga mwaka mzima bila hata kulala ndani, anadaiwa kodi ya mwaka, kwa sababu amempotezea mwenyewe manufaa yake. Mhanafi wa asili humwambia aliyepora arudishe nyumba tu, ila pale ambapo nyumba ni ya wakfu, ya yatima au iliyotengwa kwa kupangishwa. Ukishakubali kwamba manufaa ni mali, ni hatua fupi tu kufika kwenye manufaa ya akili ya mwandishi. Njia hiyo ndiyo aliyoipita mwanazuoni wa Shamu, Fathi al-Durayni, katika utafiti wake juu ya haki ya ubunifu. Na Desemba 1988, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Kuwait, lilipitisha azimio namba 43 (5/5) kwamba haki za uandishi na uvumbuzi zinalindwa kisharia, wenyewe wana mamlaka ya kuzitumia na kuzihamisha, na haijuzu kuzikiuka.

Kwa hiyo Mshafi anayesema kwa wepesi kwamba kitabu hakina mwenyewe ameazima hoja ya madhehebu nyingine bila kuaga. Lakini anayesema ni wizi tu naye kapitiliza. Wizi katika fiqhi una sharti la kutoa mali kwa siri kutoka katika hifadhi yake, na kitabu kilichoazimwa kwa kadi ya maktaba, kikatolewa kopi mchana kweupe kwa leseni ya chuo, hakiingii humo kwa njia yoyote. Kinachoweza kuwamo ni kula manufaa ya mtu bila ridhaa yake. Hilo ni dai la fidia, na lina mlango wake.

Njaa ya darasani

Upande wa pili wa mizani kuna haki ya elimu yenyewe. Aya ya 159 ya Suratul Baqara inawalaani wanaoficha yaliyoteremshwa na kubainishwa, na hadithi waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi inasema atakayeulizwa elimu akaificha atavishwa hatamu ya moto Siku ya Kiyama. Najua wafasiri wengi wanaielekeza kwenye elimu ya dini ambayo mtu anaihitaji kwa ibada yake, na sitaki kuivuta ifike mpaka kwenye nadharia ya uchumi. Lakini fiqhi inahesabu elimu za dunia zinazosimamisha jamii kuwa faradhi ya kutosheleza. Mji usio na daktari wala mhandisi wote una dhambi. Daktari naye haoti kama uyoga. Anahitaji sura ya 12 ya kitabu ambacho bei yake dukani inashinda posho yake ya mwezi.

Je, hiyo ni dharura? Tuseme ukweli, hapana. Hakuna anayekufa kwa kukosa sura ya kitabu. Ni haja. Ila kanuni inasema haja ya watu wengi huweza kushika nafasi ya dharura, na hapo ndipo kabrasha la Delhi linapopata mlango. Mlango huo una kizingiti chake: dharura hupimwa kwa kadiri yake. Mwenye njaa anakula cha kumsimamisha, hafungi kibwebwe akala mpaka akavimbiwa. Katika makabrasha ya Delhi, sehemu iliyotolewa kopi kwa kila kitabu ilikuwa kwa wastani chini ya asilimia 10, ingawa vipo vitabu vilivyochukuliwa zaidi ya hapo. Wachapishaji walishikilia asilimia. Jopo la rufaa likakataa kupima kwa asilimia na kuuliza mafundisho yanahitaji nini, na kwa fiqhi jopo ndilo lililouliza sawasawa. Sura nzima ikihitajika, robo ya sura si uchamungu, ni kumharibia mwanafunzi. Kurasa kumi zikitosha, ya kumi na moja ni tamaa.

Kuna kanuni nyingine ambayo mahakama haikuwa na sababu ya kuigusa, na kwangu mimi ndiyo kiini cha kisa hiki. Majalla, mkusanyiko wa sheria wa Dola ya Uthmaniya wa karne ya 19, inaiandika katika kifungu cha 33: kudharurika hakubatilishi haki ya mwingine. Mwenye njaa akikuta chakula cha mtu akala, hana dhambi. Akishashiba na akapata, analipa thamani yake. Ruhusa ya kula na deni la chakula vinakaa pamoja bila kugombana. Sheria ya India, kama ilivyosomwa, iliyaunganisha mambo hayo mawili: ukiruhusiwa hudaiwi. Wachapishaji nao waliyaunganisha kwa kuyageuza: unadaiwa, basi hukuruhusiwa. Fiqhi inayatenga, na kwa kuyatenga inambakishia mkutubi nafasi ya kutoa kitabu leo na kuliuliza suala la malipo kesho, mahali pake panapostahili.

Nani alipe?

Hapa kisa kinakuwa kigumu, na sioni faida ya kukifanya chepesi.

Mwanafunzi? Yeye ndiye mwenye haja. Alilipa karatasi na wino. Mwenye duka? Alichukua ujira wa kazi yake, na kazi hiyo ina nasaba ndefu. Baghdad ya Bani Abbas ilikuwa na soko zima la wanakili vitabu. Al-Jahiz anasimuliwa kwamba alikuwa akiyakodi maduka yao na kulala humo asome usiku. Ibn al-Nadim, aliyetuachia orodha ya vitabu vya zama zake, alikuwa mtu wa kazi hiyo hiyo. Hakuna aliyewaita wezi. Elimu yote iliyotufikia kabla ya mashine ya chapa imepita mikononi mwa watu wa aina hii, na kilichowatia aibu wao ni kunakili vibaya au kumpachika mtu maneno yasiyo yake.

Kuna, hata hivyo, kifungu cha 89 cha Majalla hiyo hiyo kinachonibana: tendo hunasibishwa na aliyelitenda, si aliyeliamrisha, maadamu hakulazimisha. Kwa kifungu hicho mdaiwa ni mwenye duka. Wachapishaji wangekipenda. Lakini vifungu viwili juu yake, cha 87 kinasema hasara huandamana na faida: anayevuna ndiye abebe gharama. Nani aliyevuna Delhi? Chuo. Chuo kilifundisha darasa zima kwa nakala moja au mbili za kitabu, na kikapata hata mtu wa kukifanyia kazi ya kopi bila kumwajiri. Orodha ilitoka kwa wahadhiri wa chuo, kitabu kilitoka katika rafu ya chuo, duka lilikuwa juu ya ardhi ya chuo. Mwenye duka alikuwa kama fundi wa nyumba aliyepewa tofali na mwenye nyumba. Kwa hiyo kama kuna kitu cha kulipwa, naona ni juu ya chuo, na nyuma ya chuo, dola inayokigharimia.

Njia ya kulipa haikukosekana. India ina taasisi ya kutoa leseni za kunakili kwa niaba ya wachapishaji, na wadai walisema chuo kingechukua leseni yake wasingekwenda mahakamani. Huku kwetu Kenya ina KOPIKEN kwa kazi hiyo hiyo, na Tanzania suala la hakimiliki liko chini ya ofisi ya COSOTA. Chuo cha Kiislamu kinachotaka kulala usingizi mzuri kina hapo pa kuanzia, na kikubwa zaidi ni kile jopo la Delhi lilichoagiza kama jambo la utaratibu tu: rekodi. Andika umetoa kopi gani, kurasa ngapi, kwa kozi ipi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya kuandika madeni, na inatutaka tusichoke kuliandika deni, dogo au kubwa. Maktaba ngapi za vyuo vyetu zinaweza kukuambia mwaka jana zilitoa kitabu gani kwenda steshenari, na kikarudi lini? Nyingi zina daftari la kuazima tu. Kitabu cha kuazimwa kwa saa chache tu kinatoka kwa neno la mdomo, “Mzee, nakirudisha saa nane.”

Ridhaa ya mwandishi

Sasa wale wanataaluma 300. Hadithi inasema haiwi halali mali ya mtu Mwislamu ila kwa ridhaa ya nafsi yake. Hapa waandishi wenyewe waliridhia hadharani, kwa saini. Kisa si kimekwisha?

Hakijaisha, kwa sababu walikuwa wameshahamisha haki hiyo kwa mkataba. Aliyeuza shamba hawezi kesho kumruhusu jirani achume maembe. Mpaka hapa wachapishaji wako sawa. Lakini fiqhi haiishii kwenye saini ya mkataba, inatazama pia kilichobadilishana mikono. Mwandishi wa sura moja ndani ya kitabu cha waandishi kumi na tano mara nyingi hapati hata senti, anapewa nakala ya kitabu na heshima ya kuorodheshwa. Mshahara wake unatoka chuoni, mara nyingi chuo cha umma, na utafiti wake umegharimiwa na kodi za watu. Mchapishaji ameweka uhariri, upangaji, uchapaji na usambazaji, na hivyo si vitu vidogo. Anayevidharau hajawahi kusahihisha muswada wa kurasa 400. Ila ni vigumu kusema kwamba anapomzuia mwanafunzi wa Delhi anasimama kwa niaba ya mwandishi, ilhali mwandishi yuko upande wa pili wa mahakama.

Ninachokiona ni kwamba ridhaa ya waandishi haifuti dai la mchapishaji, inalipunguza. Anachodai kwa haki ni ujira wa kazi yake na faida ya kiasi juu ya mtaji wake. Kuipangia elimu bei ya London mbele ya mfuko wa Delhi, kisha kukataza njia nyingine, kunakaribia kile fiqhi ilichokikemea kwa wenye kuhodhi bidhaa watu wanapoihitaji. Nasema kunakaribia. Ulamaa wengi, wa Kishafi hasa, wameibana ihtikari, huko kuhodhi bidhaa, kwenye chakula, na sitaki kumbandika mtu hukumu kwa kufananisha tu.

Kuna hoja moja ya vijana ambayo lazima ikatwe mapema, maana huletwa kwa sauti kubwa: kwamba haya ni makampuni ya Kizungu, yametunyonya miaka mingi, mali yao haina heshima kwetu. Mtume (S.A.W.) alipotoka Makka usiku wa Hijra, watu waliokuwa wamepanga kumuua walikuwa na amana zao nyumbani kwake. Alimwacha Ali nyuma kuzirudisha, moja moja, kwa wenyewe.

Kitabu kisichonunuliwa

Hoja zote za upole nilizozitaja, ya Mufti Shafi kwamba mnunuzi amemiliki na ya Jaji Endlaw kwamba mashine ni kalamu ya haraka, zimesimama juu ya kitu kimoja: maktaba ilinunua nakala. Hazina za majarida za mtandaoni haziko hivyo. Maktaba hainunui, inakodi. Inatia saini mkataba wa mwaka wenye masharti: watumiaji ni hawa, upakuaji wa jumla marufuku, nywila isitoke nje ya chuo. Hiyo ni ijara, mkataba wa kukodisha, na mpangaji hana ruhusa ya kumwingiza wa tatu kinyume na sharti. Aya ya kwanza ya Suratul Maida inataka mikataba itimizwe, na hadithi inasema Waislamu hufungwa na masharti yao. Mwanafunzi anayempa rafiki yake nywila ya maktaba amevunja ahadi ambayo chuo kimeiweka kwa jina lake, na tovuti za maharamia zinazolishwa kwa nywila za namna hiyo haziwezi kujikinga kwa hukumu ya Rameshwari. Desemba 2020 wachapishaji wa majarida Elsevier, Wiley na American Chemical Society waliishtaki tovuti mojawapo ya hizo, Sci-Hub, katika Mahakama Kuu ile ile ya Delhi, na wengi mitandaoni walishangilia mapema wakidhani njia ilikwisha safishwa 2016. Ni kisa kingine kabisa.

Tena hapa hoja ya haja inadhoofika kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu njia ya halali mara nyingi iko wazi na imefichwa. Vyuo vingi vya nchi za kipato cha chini, za kwetu zikiwamo, vinaweza kupata maelfu ya majarida kupitia mpango wa Research4Life, bure au kwa ada ndogo. Nenda ukaulize darasa la mwaka wa tatu wangapi wamewahi kuisikia. Wanaijua Sci-Hub kwa sababu mwenzao aliwaonyesha kwenye simu. Hiyo nyingine iko kwenye bango lililofifia nyuma ya mlango wa mkutubi. Mkutubi aliyeulizwa na mwanafunzi “makala hii nitaipataje?” akajibu “haipo” bila kuitafuta huko, huyo ndiye anayefaa kuisoma tena ile hadithi ya hatamu, kabla ya kumhubiria mwanafunzi juu ya uharamia.

India yenyewe imeamua nani alipe, angalau kwa upande wa majarida. Novemba 2024 baraza la mawaziri liliidhinisha mpango wa usajili mmoja wa taifa zima: rupia bilioni 60 kwa miaka mitatu, wachapishaji 30, majarida karibu 13,000, yafunguliwe kwa taasisi za serikali zaidi ya 6,300. Miongoni mwa wachapishaji hao wamo wale waliosimama mahakamani na mwenye duka la kopi. Vitabu havimo katika mpango huo, kwa hiyo zile sura za makabrasha ya Delhi School of Economics bado zinasubiri mtu wa kuzilipia, na mwanafunzi anayezihitaji bado anakwenda kwenye mashine.